Jinsi ya kuchimbua historia ya mji mdogo wa stesheni

Mji wa reli hauanziwi maktabani. Simama stesheni, uipe mgongo, kisha tembea barabara ya maduka ya zamani ukitazama juu. Wahindi wenye maduka walipenda kuandika jina na mwaka wa ujenzi kwenye paji la jengo, na rangi za matangazo ya simu mara nyingi hazijafika huko. Nakili kila mwaka unaouona.

Ilinganishe miaka hiyo na ya reli yenyewe: ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, Kisumu 1901. Jengo likiwa na umri mdogo kuliko reli kwa miaka ishirini au thelathini, hapo ndipo pana kazi. Wengi husema kila familia ya Kihindi ya mji wa reli ni uzao wa vibarua. Mimi sikubali. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Takriban 2,500 walikufa, na waliobaki hawakufika 7,000. Wengine wote walirudi kwao. Wenye maduka wengi walijilipia nauli kutoka Gujarat na Kutch, wakaifuata reli bara. Basi uliza kila familia: babu alikuja na mkataba au na bidhaa?

Nyumba za ibada nazo zina mengi. Makindu, Masingasinga wa reli walijenga gurudwara mwaka 1926, na mpaka leo msafiri yeyote hula bure. Vua viatu, funika kichwa, kula kwanza. Maswali baadaye.

Wazee usiwaulize "historia ya mji", utapewa hotuba. Uliza nani aliuza mafuta ya taa, nani alikopesha unga, nani aliishi landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Wakikuletea kisa cha simba waliokula wajenzi wa reli, sikiliza kwa adabu, ila wale wa 1898 ni wa Tsavo. Siku hizi kila stesheni ina wake.

Duka likiwa limepata mwenyewe mpya kuanzia 1968, kumbuka sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliyowabana wasio raia. Mtafute na aliyelinunua: mara nyingi naye alitoka mbali.

Hapo ndipo uende Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, ukiwa na majina na miaka. Ukienda mikono mitupu, utashinda ukifunua majalada ya kodi hadi wafunge.