Kabla ya Kuuza Nyumba Kubwa ya Kale Lamu: Mambo ya Kuzingatia

Dalali akibisha hodi na kusema ana mteja wa nyumba ya babu yenu, jibu la kwanza lisiwe bei. Tangu Mji wa Kale wa Lamu uingie katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na hata kabla ya hapo kule Shela, kijiji jirani kisiwani humo, wateja hawajakosekana: wageni wa Ulaya, matajiri wa Nairobi, watu wanaotaka kufungua nyumba za wageni. Wanaokosekana ni wauzaji waliojiandaa, na ndio maana nyumba nzuri zinaondoka kwa bei ya haraka na familia zinabaki hazisemezani.

Anzeni na mirathi. Nyumba nyingi za mawe bado zimeandikwa jina la mtu aliyefariki zamani, na warithi wametawanyika Mombasa, Jeddah, Muscat na Uingereza. Mara nyingi anayekaa ndani huonekana ndiye mwenye nyumba, kumbe ana fungu tu. Chukueni mfano wa baba aliyeacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, baada ya madeni na wasia kutolewa. Mke ana thumni, yaani sehemu 1 kati ya 8. Kila mtoto wa kiume ana sehemu 2, na kila binti ana 1. Binti aliyeolewa Malindi miaka mingi iliyopita hajapoteza sehemu yake kwa sababu ya kuondoka, na kama naye amefariki, fungu lake limeshuka kwa warithi wake. Nendeni kwa kadhi mkapate uthibitisho wa warithi na mafungu yao, kisha wakili aanze kuhamisha jina kwenye hati. Kazi hii ndiyo inayokula muda kuliko zote, kwa hiyo ifanywe wakati hakuna mnunuzi anayewasukuma.

Hapo hapo ulizeni kama nyumba, au sehemu yake, iliwahi kuwekwa wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi kama mali ya kawaida, na maneno ya wazee peke yake hayatoshi, tafuteni karatasi. Kumbukeni pia shufaa: katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya kutangulizwa fungu la mwenzake linapouzwa kwa mtu wa nje. Ikiwa kuna ndugu anayetaka na anaweza kununua, mpeni nafasi hiyo kwa maandishi na kwa muda maalumu, ili asije kuibuka baada ya mkataba.

Jambo la pili ni kujua hasa mnachouza. Mitaa ya Lamu imebanana na nyumba zake zimeshikana. Ukuta mmoja unaweza kubeba boriti za nyumba mbili, ghorofa ya juu ikawa ya mtu mwingine, na wikio linalopita juu ya kichochoro likawa na chumba ambacho majirani wote wawili wanadai ni chao. Mwiteni mpimaji, halafu mtembee naye pamoja na jirani kuanzia daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda (ua wa wazi wa ndani), misana (vyumba virefu vinavyofuatana), ndani (chumba cha faragha cha nyuma), mpaka kwenye paa. Palipo na utata, andikeni makubaliano na jirani sasa. Mnunuzi akija kugundua mwenyewe, atautumia utata huo kukata bei.

Hali ya jengo isifichwe kwa rangi. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba wenyewe ulipimwa kwa urefu wa boriti. Adui ni maji kutoka juu. Panda na taa, tafuta mahali boriti inapoingia ukutani, uchome kwa bisibisi: ikizama kama kwenye mkate, ncha imeoza, hata kama katikati inaonekana nzima. Zibeni paa kwanza. Na tafadhali, msimkubalie fundi anayetaka kupiga lipu ya sementi ili nyumba ionekane mpya. Sementi inafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, chokaa ya zamani inabomoka nyuma yake, na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya plasta vilivyochongwa kwa mkono, zinapotea. Mnunuzi anayejua thamani ya nyumba ya Lamu anatafuta zidaka hizo hizo.

Mlango nao una sheria yake. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaitaja milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946 miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Mteja anayetaka kununua mlango peke yake akaung'oe, mkatalieni. Piga picha za kila kitu cha kale kilichomo, muonane na ofisi ya Makumbusho ya Taifa mjini mjue ni mabadiliko gani yanahitaji kibali, na mkataba useme wazi kipi kinabaki na kipi mnaondoka nacho.

Kama mnunuzi si raia wa Kenya, Katiba ya 2010 inamruhusu kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Msikubali jina la kijana wa mtaani litumike kwenye hati kuficha mnunuzi halisi. Na kwa kuwa wageni wengi wanachotaka hasa ni kukarabati na kukaa, jiulizeni kama kumkodisha kwa miaka kadhaa, kwa sharti la kukarabati, hakutawafaa zaidi kuliko kuuza. Mimi ningelijaribu hilo kwanza.

Kodi ya faida ya mtaji, yaani kodi ya faida mnayopata kwa kuuza mali, ni asilimia 15 tangu Januari 2023. Stakabadhi za ukarabati hupunguza faida inayotozwa, na makazi ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuhamisha yana msamaha. Lipeni pia madeni ya kodi ya ardhi ya kaunti.

Mwisho kabisa, yule anayeishi humo, tuseme ni shangazi. Hakikisheni mahali atakapohamia pamepatikana, amepaona na amepakubali, kabla ya mkataba kutiwa saini. Fedha zipite kwenye akaunti ya wakili, kila mrithi alipwe fungu lake moja kwa moja kwa maandishi, na funguo zitolewe baada ya salio lote kuingia.