Kubadilisha raba ya mfuniko wa kisima cha propela kwenye boti ya mfereji

Pampu ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti, ikilia mara kwa mara boti inapotembea, kisha ikanyamaza ukishafunga kamba ukingoni, usikimbilie kulaumu shafti. Angalia kwanza mfuniko wa kisima.

Kwa wasiozijua boti hizi za Uingereza: ni za chuma, ndefu na nyembamba, upana wake kama mita 2.1, kwa kuwa milango mingi ya maji ya mifereji ya karne ya 18 ilijengwa kwa upana wa futi saba. Nyuma, ndani ya chumba cha injini, kuna kisanduku cha chuma kilichochomelewa juu ya propela. Chini kiko wazi, juu kina mfuniko. Hicho ndicho nakiita kisima. Propela ikinasa mfuko wa plastiki, kamba au godoro (nimewahi kutoa shuka zima, la maua), unafungua mfuniko, unazamisha mkono hadi begani na kukata.

Mdomo wa kisima uko juu ya usawa wa maji, kwa hiyo boti ikiwa imetulia unaufungua na hakuna kinachoingia. Ikitembea ni habari nyingine. Tezi, yaani nyuma ya boti, inazama kidogo, na ukitia gia ya nyuma maji yanarushwa kisimani kwa nguvu. Raba iliyochoka itayapitisha kikombe kimoja kimoja. Maji yakijaa ngamani tezi inazidi kuzama, na mdomo wa kisima nao unashuka. Siku ukifika chini ya usawa wa mfereji, boti itajaa hata ikiwa imefungwa na mwenyewe amelala.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa kwenye mfereji wa Grand Union, majira ya baridi, na kwa mwezi mzima niliisifu pampu yangu kwa uchapakazi. Nikabadilisha pakini ya shafti (ile inayozuia maji pale shafti ya propela inapopenya boti), nikakaza mabomba, nikapaka silikoni madirishani. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani: asubuhi moja betri ilikuwa imekufa, tezi imeshuka kama shibiri, na nilipoinua mbao za nyuma nikakuta maji meusi yanagusa chini ya injini. Raba yenyewe ilikuwa ngumu kama ukoko wa wali.

Vifaa: shiti ya raba ya neoprini yenye vitundu vilivyofungika, unene wa milimita 10, gundi ya kupaka pande mbili, patasi butu, brashi ya waya, msasa, asetoni, praima ya kuzuia kutu na rangi yake, chaki, grisi ya silikoni, tochi, glavu ndefu.

Kwenye raba watu hupotea. Sponji ya kawaida, ile ya madirisha ya nyumba, hunywa maji. Chukua kipande, kibinye ndani ya ndoo, kitoe, kibinye tena. Kikitema maji, mrudishie muuzaji. Na EPDM, ile raba ya milango ya magari, ni nzuri kwa jua na mvua lakini dizeli huivimbisha. Chumba cha injini hakikosi dizeli. Ndiyo maana nasema neoprini.

Hatua ya 1. Zima injini, toa ufunguo, zima swichi kuu ya betri. Mimi hufunga ufunguo kwa uzi kwenye mpini wa skrubu ya mfuniko. Mtu akitaka kuwasha injini, lazima aje nilipo. Kama mkono una mchubuko, funika kwa plasta isiyopitisha maji, kisha vaa glavu. Maji ya mfereji yana mkojo wa panya, nao huleta leptospirosisi, ileile homa ya mgunda iliyotangazwa Lindi mwaka 2022.

Hatua ya 2. Kabla ya kulegeza chochote, chora mstari wa chaki kutoka kwenye mfuniko hadi kwenye mdomo, ujue upande upi ulikuwa wapi. Mifuniko hii ilikatwa kwa mkono na mingi haiko mraba kamili. Kisha legeza skrubu, toa ile baa ya kukandamiza, inua.

Hatua ya 3. Bandua raba ya zamani na usafishe. Hapa ndipo kazi ilipo. Mengine ni mapambo. Patasi kwanza, halafu asetoni kwa gundi iliyoganda, halafu brashi ya waya. Ziba kisima kwa kitambaa ili uchafu usiangukie mferejini. Pitisha kidole juu ya mdomo wote, taratibu, macho yamefumbwa ukipenda. Kidole huona shimo la kutu ambalo jicho limelipita. Mdomo wangu ulikuwa na shimo la ukubwa wa punje ya mchele kwenye kona ya kushoto, na maji yote ya mwezi ule yalipita pale. Piga msasa, tia praima, paka rangi, acha ikauke usiku mzima. Mfuniko rudisha kwa muda, bila kukaza, na injini isiguswe.

Hatua ya 4. Laza mfuniko juu ya shiti, chora, kisha kata fremu ya kipande kimoja. Unaweza kutumia raba ya utepe, ila kila kona ni kiungo na kila kiungo ni njia ya maji. Ukiukunja utepe konani badala ya kuukata, unajikunyata upande wa ndani na kuinua mfuniko. Ni kweli shiti ina hasara ya kipande cha katikati. Changu nakipigia magoti nikiwa kwenye injini.

Hatua ya 5. Gundi. Raba ibandikwe kwenye mfuniko, isiwe kwenye mdomo wa kisima, kwa sababu mdomo hukwaruzwa na kisu, mkono na takataka unazozitoa. Paka pande zote mbili, ngoja kama dakika 10 hadi 15, mpaka kidole kikigusa hakinati, ndipo ubandike. Unapata nafasi moja tu, hakuna kusogeza. Kwenye baridi gundi hii haishiki vizuri, kwa hiyo mfuniko wangu niliuingiza ndani nikauegemeza karibu na jiko la kuni hadi ukapata joto la mkono. Kubandika nako nilikufanyia mlangoni, upepo ukipita, maana mvuke wa gundi hii unashika moto.

Hatua ya 6. Jaribio la chaki. Sugua chaki kwenye mdomo wote, funga mfuniko, kaza kwa mkono, fungua. Mstari mweupe kwenye raba uwe umezunguka bila kukatika. Ukikatika konani, usikaze zaidi: baa inakandamiza katikati, na ukizidisha nguvu bamba linapinda katikati huku kona zikiinuka. Bandua sehemu ile, tia kipande chembamba cha raba nyuma yake, rudia. Mimi nilirudia mara tatu.

Hatua ya 7. Paka grisi ya silikoni kidogo ili raba isigande kwenye chuma, funga, kausha ngama kabisa kwa sponji. Maji yenye mafuta yasipigwe pampu nje, ni kosa. Tandaza karatasi za chooni kuzunguka kisima. Hakikisha kamba zimekaza, washa injini, gia ya mbele dakika tano, kisha gia ya nyuma dakika tano, mwendo wa chini. Ukizidisha, unachimba ukingo na kuwaudhi majirani. Karatasi zikibaki kavu, umemaliza. Kaza tena kesho yake, kwa sababu raba mpya hulala kidogo.

MASWALI

Birmingham: Kaka, asante kwa somo. Mimi nilijaza silikoni ya tyubu mwaka juzi na haijavuja hata tone. Kuna ubaya gani?

Jibu: Hakuna, hadi siku unayotaka kufungua. Propela ikinasa kamba huku mkondo wa mto unakusukuma kwenye bwawa la kugeuzia maji, utahitaji mfuniko ufunguke kwa nusu dakika, si kwa patasi na nyundo. Jaribu kuufungua leo ukiwa umetulia, ujue una mfuniko au una ukuta.

London: Nimefuata kila hatua, karatasi ni kavu, lakini ngama bado ina maji. Naomba msaada.

Jibu: Pole dada. Yanaingia ukiwa umesimama au ukitembea? Kama ni umesimama, na huongezeka baada ya mvua, basi ni mifereji ya maji chini ya mbao za nyuma. Imeziba majani, maji yanamwagika pembeni. Kama ni wakati wa kutembea tu, weka kikopo chini ya pakini ya shafti na uhesabu matone. Tone moja moja ni kawaida kwa pakini za aina ya zamani. Likiwa uzi wa maji, kaza nati zote mbili sawasawa, robo mzunguko kila moja, kisha shika pakini kwa mkono injini ikiwa imezimwa: ikiwa ya moto sana umekaza mno.

Mwanza: Mkuu, sisi tuna boti ya chuma ya mizigo, mfuniko uko juu ya sitaha. Raba inapasuka kila mwaka. Hii neoprini itafaa?

Jibu: Hapo adui yako ni jua, kwa hiyo badilisha ushauri wangu: chukua EPDM, maana sitahani huna dizeli ya kuivimbisha. Jaribio la chaki ni lilelile. Angalia pia kama mnaacha mfuniko umekazwa kwa nguvu zote miezi mnapopumzika. Raba iliyobinywa muda wote husahau kurudi. Bonyeza kwa ukucha. Alama isipoondoka, raba imekwisha hata kama haijapasuka.

Mombasa: Kijana wangu, baba zako walitia kalafati, pamba na mafuta, na jahazi likaenda Maskati likarudi. Wewe unahangaika na chaki na karatasi za chooni?

Jibu: Shikamoo mzee. Kalafati inakamata kwa sababu mbao zikinywa maji zinavimba na kuibana pamba. Chuma hakivimbi, kinaoza tu. Ila nimejaribu, sikufichi: asubuhi ile nilipokuta betri imekufa nilizungusha pamba yenye mafuta ya kupikia chini ya mfuniko nikakaza. Ilinishikilia hadi duka likafunguliwa Jumatatu.

Mombasa: Si nimesema.