Somo: Namna ya kupima benchi la timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kabla msimu haujaanza (tunatumia Denver Nuggets 2025–26)

Kila ikifika Septemba mjadala ni uleule: timu fulani ina benchi refu, timu fulani benchi lake bovu. Ukimuuliza mtu amejuaje, anakutajia majina sita. Majina hayachezi. Benchi hupimwa kwa dakika: ni ngapi, zinachezwa wakati gani, na nani yuko uwanjani na hao wa akiba. Nimechagua Denver kwa sababu hakuna timu ambayo kilio cha benchi kimesikika zaidi miaka hii, na kwa sababu kiangazi cha 2025 walibadilisha karibu kila kitu nyuma ya kikosi cha kwanza.

Unahitaji daftari, kalamu na kikokotoo cha simu. Uvumilivu pia, maana mechi ya nyumbani ya Denver ya saa moja jioni kwao mwezi Oktoba huku kwetu ni saa kumi alfajiri.

Hatua ya 1: Anza na 240

Mechi ya NBA ni dakika 48, wachezaji watano kila upande. 48 mara 5 ni 240. Hiyo ndiyo keki nzima, muda wa nyongeza tuuache.

Sasa wagawie wanaoanza. Makadirio yangu kwa Denver: Jokić (senta na nyota wao) 36, Murray 35, Braun 33, Gordon 32, Cam Johnson 31. Jumla 167. Zinabaki 73 kwa benchi lote.

Tazama zinavyokwisha. Jokić akicheza 36, senta wa akiba ana dakika 12 tu. Huyo ni Jonas Valančiūnas, aliyetoka Sacramento kwa kubadilishana na Dario Šarić. Zimebaki 61. Bruce Brown mpe 20, Tim Hardaway Jr. 20, Peyton Watson 21. Zimekwisha. Strawther, Pickett, Holmes na Nnaji bado wamekaa na wewe hujawapa hata dakika moja. Kwa hiyo anayekuambia Denver ina watu tisa wa akiba wazuri, muulize atawachezesha saa ngapi.

Hatua ya 2: Toa majeruhi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo penye utamu. Hesabu ya hatua ya kwanza inadhani kila mtu atacheza mechi 82. Hakuna timu iliyojaliwa hivyo.

Chukua msimu wa 2024–25. Jokić alicheza mechi 70, Gordon 51, Johnson (akiwa Brooklyn) 57. Walizokosa ni 12, 31 na 25. Zidisha kwa dakika tulizowapa:

Jokić 12 × 36 = 432
Gordon 31 × 32 = 992
Johnson 25 × 31 = 775

Jumla 2,199. Gawanya kwa 82, unapata karibu dakika 27 kila mechi, na hatujamgusa Murray wala Braun. Rudisha hizo 27 kwenye 73 zetu, benchi linabeba dakika 100 kati ya 240. Sasa Strawther na Pickett wana kazi, na kina cha benchi kimepata maana: ni nani anasimama pale Gordon anapokosa wiki tano.

Mkiwa na muda rudieni hesabu hii kwa misimu mitatu ya kila mchezaji, msitegemee mmoja. Mtu anayeumia kila mwaka si bahati mbaya tena, ni ratiba.

Hatua ya 3: Hesabu kazi, usihesabu watu

Andika kazi nne: anayepandisha mpira, mrefu wa chini ya kikapu, mtupaji wa pointi tatu, na beki wa pembeni anayeweza kumkaba nyota wa wapinzani. Kila kazi iwe na mtu wake kwenye benchi.

Mrefu: Valančiūnas. Mtupaji: Hardaway, na Strawther nyuma yake. Beki: Watson na Brown. Anayepandisha mpira? Hapo kalamu inasita. Russell Westbrook alikuwa akiifanya kazi hiyo, na kiangazi cha 2025 aliondoka. Brown anaweza kuupandisha, ila hakuzaliwa pointi gadi. Pickett ni pointi gadi wa kweli, lakini uzoefu wake ni mdogo. Kwangu hili ndilo tundu la Denver, wala si senta kama watu walivyozoea kulalamika.

Kuna tundu jingine ambalo halionekani kwenye orodha. Aliyeanza akiondoka, pengo hufunguka benchi. Kentavious Caldwell-Pope alipokwenda Orlando mwaka 2024, Christian Braun alipanda kuanza na akaimudu. Vizuri. Lakini nani alikuwa Braun wa benchi baada ya hapo?

Hatua ya 4: Tafuta dakika ambazo nyota amekaa

Kwenye tovuti ya takwimu za NBA kuna sehemu inayoonyesha timu ilivyofanya mchezaji fulani akiwa ndani na akiwa nje. Namba ya kutazama ni tofauti ya pointi kwa kila mashambulizi 100. Ukiona +10 akiwa ndani na −8 akiwa nje, hapo kuna shimo la pointi 18.

Kwa Jokić shimo hilo limekuwa la kutisha kwa miaka. Msimu wa 2024–25 alikuwa na wastani wa pointi 29.6, ribaundi 12.7 na asisti 10.2. Mtu wa namna hiyo akikaa, timu yoyote itayumba. Ndiyo maana namba hii usiisome kwa pupa. Haisemi benchi ni baya, inasema pengo ni kubwa. Ili ujue kosa ni la nani, angalia nani alibaki ndani Jokić alipotoka. Kocha akiwatoa Jokić na Murray pamoja, umetazama wa akiba watano wakizama. Akimwacha Murray na Gordon ndani, umetazama kitu kingine kabisa.

Mwaka 2023, walipochukua ubingwa, kwenye mtoano walitumia watu wanane: watano walioanza mwaka huo, pamoja na Brown, Braun na Jeff Green. Jokić akipumzika, mara nyingi Gordon ndiye aliyesogezwa kuwa senta. Benchi la watu watatu! Lakini kila mmoja alijua kazi yake. Mechi ya tatu ya fainali Braun alifunga 15. Mechi ya nne kule Miami Brown alifunga 21, kumi na moja kati ya hizo kwenye robo ya mwisho. Kiangazi kilekile Brown akaenda Indiana kwa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 45, fedha ambazo Denver kwa kanuni za mishahara isingeweza kuzifikia. Green akaenda Houston. Mwaka uliofuata Minnesota ikawatoa raundi ya pili.

Hatua ya 5: Soma mikataba

Fupi tu. Timu ina nafasi 15 za mkataba wa kawaida na 3 za mkataba wa njia mbili, wale wanaopanda na kushuka kati ya NBA na ligi ya chini. Wa njia mbili hawazidi mechi 50 na kwenye mtoano hawaruhusiwi mpaka wapewe mkataba kamili, kwa hiyo usiwahesabu kwa mwezi wa tano. Pia angalia kikomo cha pili cha mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho ligi imeweka kwa jumla ya mishahara ya timu. Timu ikikivuka, hairuhusiwi kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja, na milango mingine ya usajili inafungwa. Denver ilimpeleka Michael Porter Jr. Brooklyn pamoja na haki ya kuchagua mchezaji chipukizi raundi ya kwanza mwaka 2032, ikamchukua Johnson mwenye mshahara mdogo zaidi kwa zaidi ya dola milioni 15. Upenyo huo ndio uliowawezesha kumbeba Valančiūnas. Brown na Hardaway walikubali mshahara wa chini kabisa.

Hatua ya 6: Mechi za maandalizi

Matokeo yapuuze. Andika mambo mawili: nani anaingia wa kwanza kati ya dakika ya sita na ya nane ya robo ya kwanza, na watano gani wanaanza robo ya pili. Kocha David Adelman alikabidhiwa timu Aprili 2025 zikiwa zimebaki mechi tatu za msimu, kwa hiyo ya 2025 ndiyo yalikuwa maandalizi yake ya kwanza akiwa kocha mkuu. Tabia zake za kubadilisha wachezaji wakati huo bado tulikuwa tunazisoma.

Maswali karibuni.

---

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Ila mbona unazunguka sana? Si kuna takwimu ya pointi za benchi kwa kila timu? Naangalia nani wa kwanza, basi.

Jibu: Takwimu hiyo ipo, na inadanganya. Timu dhaifu inayofungwa pointi 25 kila siku, wa akiba wake hucheza dakika nyingi mechi ikiwa imeshaamuliwa, na wanafunga wanavyotaka. Tena nyota akiumia, wa akiba bora anapanda kuanza, na pointi zake zinahama kutoka safu moja kwenda nyingine bila mtu yeyote kuongeza uwezo. Kwa usiku mmoja ina maana: mechi ya tatu ya fainali za 2025 benchi la Indiana lilifunga 49 dhidi ya 18 za benchi la Oklahoma City. Mathurin peke yake alikuwa na 27, McConnell akapora mipira mitano, na Indiana wakashinda. Ila bingwa alikuwa Oklahoma City, mechi saba.

Swali: Kwenye mtoano wa 2025 Oklahoma City waliitoa Denver kwa sababu ya benchi, au kwa sababu Gordon aliumia?

Jibu: Yote mawili, kaka, na ukiangalia vizuri ni jambo moja. Denver walikuwa wametoka kucheza mechi saba na Clippers. Mechi ya saba na Oklahoma City, Gordon alicheza na msuli wa paja uliochanika, wakapigwa 125–93. Wenzao walikuwa wanamtoa benchi Alex Caruso, wanampa kazi ya kumsumbua Jokić, mtu anayemzidi urefu na uzito kwa mbali, na anaiweza. Denver ukimtoa Gordon hukuwa na wa kumweka. Strawther aliwaokoa mechi ya sita kwa pointi 15. Usiku wa pili kama ule haukuja.

Swali: Mimi ni kocha wa timu ya wasichana, shule ya sekondari. Hizi 240 zinanihusu kweli, mwalimu?

Jibu: Zinakuhusu, dada, ila kwako ni 200. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni robo nne za dakika kumi, 40 mara 5. Na kwako benchi lina uzito zaidi kuliko NBA, kwa sababu mchezaji anatoka kwa faulo ya tano, wao ni ya sita. Kwenye daftari lako ongeza safu ya faulo. Kama senta wako anapata ya tatu kabla ya mapumziko katika kila mechi mbili, senta wako wa akiba si wa akiba, ni nusu ya kikosi cha kwanza, na mazoezini mpe muda unaolingana na hiyo kazi.

Swali: Siye huku Lubumbashi tunamkumbuka Biyombo wetu. Senta wa akiba wa dakika 12, tunamhangaikia wa nini?

Jibu: Umenifurahisha, maana Biyombo ndiye jibu lenyewe. Msimu wa 2015–16 pale Toronto alikuwa wa akiba, na aliyeanza mbele yake alikuwa nani? Valančiūnas huyuhuyu. Valančiūnas akaumia kifundo cha mguu raundi ya pili dhidi ya Miami. Biyombo akaingia, na mechi ya tatu ya fainali za Mashariki dhidi ya Cleveland akachukua ribaundi 26, Toronto wakashinda. Kiangazi hicho Orlando wakampa dola milioni 72 kwa miaka minne. Msimu wa 2025–26 Valančiūnas amekaa kwenye kiti kilekile alichokalia Biyombo. Zikiwa dakika 12 za kawaida, kazi yake ni kutopoteza alichojenga Jokić. Jokić akikosa mechi 12 kama msimu wa 2024–25, hizo 12 zinakuwa 28 au 30.

Swali: Sina muda wa hesabu zote hizo. Nikikesha na mechi moja tu ya Denver, niangalie nini?

Jibu: Angalia mwanzo wa robo ya pili na mwanzo wa robo ya nne, ukalale. Jokić akiwa nje, mtafute Murray. Akiwa ndani, andika waliobaki naye na pointi zilivyokwenda mpaka Jokić arudi. Murray naye akiwa amekaa, angalia nani anaupandisha mpira, na uandike jina lake kwa wino mwekundu.