Kujikinga na kupe unapolima bustani

Bustani nyingi za Pemba zimepakana na mahali panapofungwa ng'ombe, na hapo ndipo kupe wanapotoka. Kupe haruki wala hapai. Hupanda kwenye ncha ya jani, akanyoosha miguu ya mbele na kungoja mnyama au mtu apite amdandie. Kwa hiyo, kabla ya kupalilia, fyeka majani marefu yaliyo pembezoni mwa matuta, na usiwafunge ng'ombe karibu na mboga.

Vaa suruali ndefu ya rangi isiyokoza, ili kupe aonekane mapema, kisha ichomeke ndani ya soksi. Najua jua la saa sita halina huruma. Basi lima asubuhi. Ukirudi nyumbani, vua nguo, uzianike juani zikauke kabisa, na ujikague nyuma ya magoti, kinenani, makwapani, kiunoni na nyuma ya masikio, kwani kupe mchanga huwa mdogo kama punje ya ufuta.

Ukimkuta ameng'ata, usimpake mafuta ya taa wala usimchome kwa kijinga cha moto, ingawa wazee wengi walitufundisha hivyo, kwa sababu akisumbuliwa anaweza kutapika mate yake ndani ya jeraha. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu na moja kwa moja bila kumpinda, kisha osha kwa sabuni. Homa, kichwa kuuma au kidonda chenye gamba jeusi vikitokea katika wiki mbili zinazofuata, nenda kituo cha afya na umweleze daktari kwamba uling'atwa na kupe.