Kutafuta kontrakta wa kubomoa store ya zamani shambani

Kama una ile store kubwa ya mbao ya enzi za masetla huko Kitale ama Nakuru na imeanza kuinama, usiite tu vijana wa mtaani na nyundo, tafuta kontrakta aliyewahi kubomoa kitu kama hicho na umpigie simu mteja aliyewahi kufanyiwa kazi naye.

Kwanza angalia paa. Ikiwa ni zile shiti za kijivu za asbesto, simamisha kila kitu, hiyo ni taka hatari kwa sheria na inatolewa na watu wenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira) peke yao, ikivunjwa kavu vumbi lake linaingia kwa mapafu na halitoki. Nakusihi usikubali mtu akwambie ni kumwagia maji tu.

Halafu mbao. Nguzo za mtarakwa (cedar) hata zikikaa miaka mingi haziguswi na mchwa, kwaruza kidogo na kisu, ndani utaona wekundu na harufu yake bado ipo, hiyo ni pesa. Kwa hivyo muandikiane mapema nani anabaki na mbao na mabati, maana akibeba kontrakta bei lazima ishuke sana.

Uliza pia kibali cha kaunti, stima ikatwe na Kenya Power wenyewe, na akuonyeshe bima ya wafanyakazi, WIBA. Dipoziti ndogo, baki ulipe misumari ikishaokotwa yote, ng'ombe wanakanyaga hapo.