Lubumbashi ya zamani kwa mguu: anzia gare

Ukitaka kuona majengo ya zamani ya Lubumbashi, acha taxi. Anzia gare (stesheni ya treni), kwa sababu reli ndiyo iliyouleta mji huu: ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea upande wa kusini, mwaka uleule mji ulipoanza kujengwa kwa jina la Elisabethville. Njia zilichorwa zikiwa zimenyooka, zinakatana kama daftari la hesabu, kwa hiyo kupotea centre-ville (katikati ya mji) ni vigumu.

Toka saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza na magari hayajajaa. Pita kwenye Katedrali ya Petro na Paulo, usogelee ukuta utazame matofali yenyewe. Halafu tafuta sinagogi la mwaka 1930. Wengi hupita mbele yake kila siku bila kujua ni jengo gani. Jumba la musée (makumbusho) usiliache. Ndani kuna misalaba ya shaba ambayo wazee wa Katanga waliitumia kama pesa muda mrefu kabla ya Wabelgiji. Kwangu mimi hiyo inashinda majengo yote.

Jambo moja muhimu: simu ibaki mfukoni ukiwa karibu na gare, ofisi za serikali au askari. Picha moja inaweza kukuletea maswali ya saa nzima. Omba ruhusa kwanza, tena kwa heshima: "Papa, naweza kupiga picha?"

Kuanzia Novemba mvua inakuwa nyingi, beba mwavuli. Juni na Julai ndiyo miezi mizuri, ila asubuhi baridi inauma, vaa sweta.