Kuunganisha Pawa Saplai Mpya na Ubao Mama wa Zamani

Plagi ya pini 24 ya pawa saplai ya siku hizi huingia kwenye ubao mama wa enzi za prosesa ya Pentium III wenye soketi ya pini 20, kwa sababu pini hizo 20 zimepangwa kwa utaratibu uleule, na zile nne zilizoongezwa na toleo la ATX12V 2.0, yaani kiwango cha utengenezaji wa pawa saplai, mwaka 2003 zinarudia tu volti 12, 5 na 3.3 pamoja na waya mweusi wa ardhi. Mara nyingi kipande cha pini nne huchomoka pembeni. Kisipochomoka, kiache kining'inie nje ya soketi, mradi hakuna kapasita (kijisehemu cha mviringo cha kuhifadhi umeme) iliyosimama hapo na kukizuia. Chomoa kwanza waya wa ukutani, elekeza kishikizo cha plagi kwenye ndoana ya soketi, kisha sukuma taratibu hadi kibane. Ikikataa, usilazimishe.

Ubao wa Dell wa kati ya 1996 na 2000 hivi usiuunganishe kabla ya kulinganisha rangi za nyaya na zile za pawa saplai yake ya awali: soketi inafanana kabisa na ya kawaida, lakini nyaya zimepangwa tofauti, na ubao huungua mara moja.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni nguvu ya volti 5. Mbao nyingi za Pentium III na za Athlon za mwanzo hulisha prosesa kupitia nyaya nyekundu za volti 5, ilhali pawa saplai za leo zimeelekeza nguvu zake kwenye nyaya za njano za volti 12. Kwa hiyo usidanganywe na jumla ya wati. Soma kibandiko cha ubavuni. Pawa saplai ya wati 600 yenye ampea 15 kwenye volti 5 hutoa wati 75 tu upande huo, na ile ya wati 300 yenye ampea 30 hutoa 150. Kama unatumia kadi ya zamani ya ISA, yaani ya aina ya nafasi za upanuzi zilizotumika kwenye kompyuta za zamani, angalia pia kama inahitaji volti hasi 5, ambazo pawa saplai nyingi mpya hazina.

Kabla ya kufunga kasha, washa kompyuta na uipe kazi nzito, kisha pima waya mwekundu kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme): ikishuka chini ya volti 4.75, zima na utafute pawa saplai nyingine.